Msiulize mbwa anaruka futi ngapi

Ndugu Mhariri,

Tafadhali tupe nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wanaonunua, wanaokodi na wanaofunza mbwa wa kazi hapa Uganda. Kuna swali ambalo kila mfunza mbwa hulisikia kabla salamu hazijaisha: "Huyu anaruka ukuta wa futi ngapi?" Mwenye nyumba wa Muyenga huuliza hilo, meneja wa ulinzi huuliza hilo, na mwenye ranchi wa Nakasongola vivyo hivyo. Muuzaji naye, kwa kuwa anataka kuuza, humpandisha mbwa kwenye ukuta wa futi sita palepale, watu wakapiga makofi, pesa zikahesabiwa. Mnunuzi anaondoka na mbwa aliyejifunza jambo moja tu, kwamba ukuta haumzuii. Siku atakapoona mbuzi ng'ambo ya ua, au bodaboda inapita kwa kasi, hatasubiri ruhusa ya mtu.

Swali la kuuliza ni jingine kabisa: geti likiwa wazi, kuku wakitafuta chakula hatua kumi kutoka hapo, mbwa huyu atakaa dakika ngapi bila kuvuka? Mbwa anayeweza kukaa dakika tano, ukimfundisha kuruka atakuwa chombo cha kazi. Asiyeweza kukaa hata nusu dakika, ukimfundisha kuruka umewapa hatari majirani zako wote.

Kuruka kwenyewe si elimu ngumu kwa mbwa mwenye afya. Malinois, aina ya mbwa wa kazi, wa kilo 28 akichoka kukaa peke yake hujifundisha mwenyewe ndani ya wiki. Kinachotaka ufundi ni mambo mawili: aruke aliposikia neno, na asiruke alipokosa kulisikia. La pili ndilo linaloachwa, nalo ndilo lenye uzito. Kwa hiyo mafunzo huanzia getini, wala hayaanzii kwenye kiunzi, yaani ufito wa kurukwa.

Mchukue mbwa kwa kamba ya mita 2 mpaka kwenye geti la ndani au mlango wa banda, ambako akikosea hafiki barabarani. Mwambie akae. Weka mkono kwenye komeo. Akiinuka, ondoa mkono, usiseme kitu, subiri akae tena. Akitulia, fungua kiasi cha kiganja. Akiinuka, geti linafungwa taratibu. Angalia usimbane pua. Baada ya mara chache ataona mwenyewe kwamba kuinuka kunafunga geti na kukaa kunalifungua. Mpe kipande cha mukene (dagaa) mkavu palepale alipokaa, upande wa ndani, usimpe nje. Hapa wengi huharibu: wanampa mbwa zawadi akishavuka, naye anajua kwamba utamu uko ng'ambo. Endelea hivyo sekunde 3, kisha 10, kisha 30, kisha wewe uvuke yeye abaki, kisha mtu mwingine apite, kisha mpira urushwe nje. Wiki 3 za dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni hutosha kwa mbwa wengi. Asiyefika hapo asiguse kiunzi.

Wakati huohuo tazameni mwili wake. Mbwa mchanga ana gegedu laini karibu na ncha za mifupa, na humo ndimo mfupa unamorefukia. Kwa mbwa wa kimo cha kati gegedu hizo hufunga akikaribia mwaka mmoja au zaidi kidogo. Kwa wazito kama Rottweiler na boerboel huchelewa. Akitua kwa kishindo kila siku akiwa na miezi saba, mguu unaweza kukua umepinda na kiwiko kikaharibika, na hakuna dawa itakayourudisha. Mpaka miezi 12, fito zilale chini au zisizidi sentimeta 15. Kati ya miezi 12 na 18, zisipite kiwiko chake mwenyewe. Baada ya hapo ndipo mpandishe, na kwa mbwa wazito ngojeni miaka 2. Boerboel wa kilo 60 hatufikirii anahitaji kurushwa juu ya sentimeta 60 maisha yake yote. Kazi yake ni kusimama ndani ya ua aonekane. German Shepherd na Rottweiler mara nyingi hurithi nyonga mbovu, kwa hiyo picha ya eksirei ya nyonga na viwiko kabla ya kuanza ni pesa iliyotumika vizuri.

Unene nao ni jambo. Mbwa wengi wa ulinzi mjini hula posho (ugali) na mukene. Mukene ni chakula kizuri ukishaondoa mchanga, lakini posho ikijaa sahani mbwa hujaa mafuta, na kila kilo ya ziada huangukia miguu ya mbele wakati wa kutua. Pitisha vidole ubavuni: mbavu zihisike bila kubonyeza. Na asirushwe akiwa ameshiba. Acheni saa 3 zipite baada ya mlo, hasa kwa mbwa wenye vifua virefu, maana tumbo lililojaa huweza kuvimba gesi na kujipinda, na ugonjwa huo huua ndani ya saa chache.

Kagueni nyayo kila siku ya mazoezi. Sehemu zenye vumbi, kama vijiji vingi vya Busoga, funza huingia kati ya vidole vya mbwa kama anavyoingia kwenye vidole vya watu, na mbwa mwenye funza atakataa kutua. Kupe nao huleta homa: mbwa aliyekuwa mwepesi anachoka baada ya miruko miwili, fizi zake zimepauka. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo leo, wala asiitwe mvivu.

Kiunzi cha kufunzia hakihitaji fedha nyingi. Chukua nguzo mbili za mkalitusi za mita 1.5, uzisimamishe kwenye ndoo zilizojazwa zege, uziachanishe mita 1.5. Pigilia vishikizo vya mbao kila sentimeta 10, lakini upande wa kutua tu, halafu ulaze ufito juu yake bila kuufunga. Siri yake ni hiyo: mbwa akiugonga, unaangukia mbele anakoelekea. Ufito uliofungwa au kupigiliwa msumari humkamata mbwa miguuni na kumbinua kichwa chini. Bomba jepesi la plastiki la inchi 2 linafaa sana. Lipakeni manjano, buluu au nyeupe. Mbwa haoni nyekundu kama tunavyoiona sisi, na ufito mwekundu juu ya majani mabichi humpotea machoni. Kila upande weka ubavu wa gunia au wavu wa mita 2, ili kuzunguka kuwe kugumu kuliko kuruka. Ukikosa nguzo, jerikeni mbili za lita 20 zenye maji na ufito juu yake zitakupa karibu sentimeta 40.

Ardhi ya kutulia ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Januari na Februari udongo wetu mwekundu hukauka ukawa kama sakafu. Aprili na Oktoba huteleza kama sabuni. Tandazeni mchanga au maranda ya fundi seremala, unene wa sentimeta 15, eneo la mita 3 kwa 3, na maranda yenyewe yatoke kwenye mbao zisizopakwa dawa ya mchwa. Wapo wanaotandaza makapi ya kahawa kwa kuwa ni rahisi kupatikana Masaka na Mukono. Msiyatumie: yana kafeini, na mbwa hupenda kutafunatafuna. Maganda ya kakao ni mabaya zaidi, yana sumu inayoshika moyo wa mbwa.

Sasa mruko wenyewe. Siku za kwanza ufito uko chini kabisa. Tembea naye juu yake, kamba ikiwa imelegea, mpaka asiutazame tena. Uinue sentimeta 15, kisha 20. Zawadi iwe imewekwa kwenye kifuniko chini, mita 3 ng'ambo ya kiunzi, ili atue akitazama mbele na kuendelea kukimbia moja kwa moja. Ukimpa kutoka mkononi mwako, atatua shingo imegeuka kukutafuta, uti wa mgongo umejipinda, na uzito wote umeangukia mguu mmoja. Kwa sababu hiyohiyo mwongozaji asisimame upande wa kushoto kila siku. Leo kushoto, kesho kulia, keshokutwa nyuma.

Msimwite mbwa kutoka ng'ambo ya kiunzi. Ni njia ya mkato inayopendwa kwa kuwa inafanya kazi haraka: mtu anasimama upande wa pili, anapiga makofi, mbwa anakuja. Lakini alichojifunza ni kwamba mtu akiwa ng'ambo ya ua, ruka umfuate. Baadaye mpita njia atakayesimama nje ya ua wako kufunga kamba za viatu atakuwa amemwita bila kujua. Mbwa wa kazi hutumwa aende. Haitwi aje, mpaka atakapokuwa ameielewa kazi yote.

Mtazameni kwa makini sekunde ile kabla hajajirusha. Kichwa kinashuka kidogo, masikio yanakwenda mbele, hatua mbili za mwisho zinafupika, kiuno kinakunjamana, kisha miguu ya nyuma inakanyaga karibu pamoja na kusukuma. Neno liwahi hapo, kabla ya zile hatua mbili fupi. Likichelewa likatoka akiwa hewani, kwake ni kelele tu. Ufito ukiwa sentimeta 20, na ameshavuka vizuri mara ishirini kwa siku tatu, ndipo mpe neno. Kabla ya hapo nyamazeni.

Neno gani? Hapa Uganda jambo hili ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Askari wa mchana anasema "Ruka", wa usiku anasema "Buuka" kwa Kiganda, yule aliyetoka magharibi anasema "Guruka", na bosi anakuja Jumapili na neno la Kiingereza. Mbwa hajui lugha, anajua sauti moja na maana yake moja. "Ruka" lina matatizo mawili zaidi. Kwanza linaanza sawa na "Rudi", na mbwa aliye mbali, upepo ukivuma, husikia silabi ya kwanza tu. Amri ya kurudi inageuka amri ya kuvuka. Pili, watoto wanaocheza kamba barabarani hulipiga kelele jioni nzima. Wajerumani hutumia "Hopp", na sisi tunapendekeza "Hopa": fupi, halitumiki nyumbani, halifanani na "Keti", "Subiri" wala "Njoo". Kwa kurudi tumieni "Njoo", "Rudi" muiache.

Kupandisha urefu kuende kwa sentimeta 5 mpaka 10, na kila urefu uvukwe vizuri siku mbili za mazoezi kabla ya kupanda tena. Chini ya sentimeta 60, miruko 6 mpaka 8 kwa siku inatosha. Juu ya 80, mitatu au minne. Mazoezi yawe mara tatu kwa wiki, siku ya mapumziko katikati. Kabla ya kuanza, dakika 10 za kutembea na kukimbia polepole, pamoja na kuzunguka kwa mizunguko mipana kushoto na kulia. Fanyeni saa moja asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Pimeni kwa futikamba, andikeni kwenye daftari. Jicho la mfunzaji aliyefurahi hukosea sana: sentimeta 70 zinageuka 90 na hakuna aliyegundua.

Na kwa kila mruko mmoja, fanyeni majaribio mawili ya kutoruka. Mpeleke mpaka kwenye kiunzi kilekile, mwambie "Keti", hesabu mpaka kumi, mpe zawadi palepale, geukeni mwondoke. Au pitieni pembeni yake mkikimbia bila neno lolote. Au rusha mpira ng'ambo naye abaki, kisha wewe uende kuuchukua. Zoezi hili halivutii watazamaji, nasi tunaomba lisipunguzwe hata siku moja. Mbwa akianza kuruka bila neno, ufito ushushwe chini na kazi irudi getini kwa wiki nzima, hata kama mteja anapiga simu kila siku.

Makosa mengine husomeka kwenye ufito. Akiugonga kwa miguu ya mbele, anajirusha akiwa amekaribia mno: laza mti chini, sentimeta 50 kabla ya kiunzi, upande anakotokea, macho yake yapate pa kupimia. Akiugonga kwa miguu ya nyuma, amechoka, au anageuka kukutazama, au nyonga na mgongo vinauma. Ikirudiwa siku mbili mfululizo, mwoneshe daktari. Akizunguka kiunzi, umepandisha haraka. Akisimama na kubweka, angalia nyayo, kisha ardhi, kisha ushuke nusu ya urefu. Usimvute kwa kamba hata kidogo. Mbwa aliyevutwa huruka akiburutwa shingo, na kile kiunzi kinakuwa mahali pa kuumizwa. Akitua kila mara kwa mguu uleule, huenda kifundo cha mguu wa mbele au bega vina shida ambayo bado haijaonekana katika mwendo wa kawaida.

Ukuta mzima ni kazi tofauti. Juu ya mita 1.2 hivi mbwa wengi hawaruki tena bali hukwea: anashika juu kwa miguu ya mbele, anasukuma kwa ya nyuma. Kinachoumiza ni kushuka upande wa pili, wala si kupanda. Katika mashindano ya mbwa wa kazi yaliyoanzia Ujerumani, kiunzi cha kawaida kwa miaka mingi kilikuwa mita 1, na kwa urefu wa mita 1.80 walitumia ukuta wa mteremko, mbao mbili pana zilizoegemeana kama paa, ili mbwa apande na kushuka kwa miguu yake. Tengenezeni huo: fremu mbili za urefu wa mita 1.9 na upana wa mita 1.5, zimeunganishwa juu kwa bawaba imara, na mnyororo kila upande kuzuia zisiteleze. Nusu ya juu ya kila fremu pigilieni vibao vitatu vyembamba vya kushikia kucha, vichwa vya misumari vizamishwe. Anzeni kilele kikiwa mita 1, pandisheni sentimeta 15 kila wiki. Ashuke akitembea angalau mpaka katikati. Anayejirusha kutoka kileleni, mwongozaji amshike kwa mkanda wa kifuani na kumtembeza. Kwenye ukuta wa kweli, wekeni meza imara au marobota ya nyasi upande wa kutua, nusu ya urefu.

Mafunzo haya yote yafanyike mbali na ua wa nyumba anayoilinda. Tunalisisitiza kwa nguvu. Mbwa aliyefunzwa kwa viunzi vya uwanjani huelewa kwamba vile ndivyo vya kurukwa. Aliyefunzwa kwa ukuta wa nyumbani ameambiwa na bwana wake mwenyewe kwamba ukuta huo si mpaka. Anayeuza mbwa kwa kumrusha juu ya ukuta wa mnunuzi amemharibia mnunuzi ukuta.

Kwa wenye ranchi hali ni nyingine, kwa kuwa mbwa anayefuata ng'ombe lazima avuke seng'enge mara kwa mara. New Zealand na Australia mbwa wa kuswaga kondoo huvuka nyua za waya kutwa nzima, lakini huko nako kazi hiyo hufundishwa. Waya ni mbaya kuliko ukuta kwa sababu hauonekani. Mbwa huona nafasi kati ya nyaya, haoni waya wa juu, na miiba humpata tumboni au katika mapaja ya ndani. Ukiona mbwa ananing'inia kwa mguu mmoja wa nyuma kati ya waya wa juu na wa pili, waya hizo mbili zimejisokota kumzunguka, na kila akipiga mateke zinakaza. Mfunike kichwa kwa shati kwanza, maana atauma hata anayempenda, mwinue uzito utoke mguuni, halafu mtu wa pili akate waya. Beba koleo la kukatia waya kila uendapo na mbwa kwenye seng'enge.

Dawa ni kumpa mahali maalumu pa kuvukia. Chagueni sehemu karibu na nguzo kubwa ambapo waya hautikisiki, funikeni waya wa juu kwa bomba la plastiki lililopasuliwa kwa urefu, mita 1.5 hivi, na juu yake fungeni gunia jeupe. Afunzwe kuvuka penye gunia tu. Kama ua una urefu wa mita 1.2 na zaidi, ni afadhali kuinua waya wa chini na kumfundisha kupita chini, kwa neno lake mwenyewe. "Penya" linafaa, ila "Chini" lisitumike kwa kuwa wengi wanalitumia kumlaza. Wavu wa waya wa mijini una hatari yake: kwa juu una ncha zilizokatwa na kupindwa, na ule ukucha mdogo wa ndani ya mguu wa mbele, ulio juu ya nyayo, huingia kwenye tundu la wavu mbwa akiwa anashuka. Uzito unakwenda chini, ukucha unabaki. Fungeni ubao juu ya wavu kabla ya kumruhusu. Uzio wa umeme usirukwe kabisa, hata ukiambiwa umezimwa.

Mageti yetu mengi ya mjini yana mikuki juu, na kuta zina vigae vya chupa au waya wa wembe. Hayo hayana mafunzo. Mwizi ametoroka? Fungua geti mbwa apite chini. Wala msimfunge mbwa kwa mnyororo karibu na ukuta au nguzo ya chini. Akiruka ng'ambo na mnyororo ukamkatia katikati, anajinyonga, na dakika chache zinatosha. Mnyororo wa shingoni unaokaza uvuliwe kabla ya kila mruko, kwa maana ncha ya geti ikiingia kwenye pete yake matokeo ni hayohayo.

Wanaofuatilia nyayo za wezi wana tatizo la kamba ndefu. Kamba ya mita 10 ikimfuata mbwa juu ya ukuta hunasa, na mbwa anasimamishwa hewani. Utaratibu uwe huu: mbwa anaambiwa "Subiri", mwongozaji anachungulia ng'ambo kwa macho yake. Anatafuta shimo la choo lililo wazi, mbao zenye misumari, vijiti vya kuegemeza nyanya, mbwa mwingine aliyefungwa, watoto. Kisha kamba yote inatangulizwa ng'ambo au inafunguliwa, ndipo neno linatoka. Na ukuta ukizidi mita 1.5, mbwa abebwe: mkono mmoja mbele ya kifua, mwingine nyuma ya mapaja, akabidhiwe mtu wa pili aliyetangulia. Mbwa afunzwe kubebwa hivyo tangu mdogo ili asipambane usiku. Kubebwa hakumpunguzii hadhi mbwa wa kazi. Wale wanaonusa pembe za ndovu uwanja wa ndege wa Entebbe kazi yao inawezekana bila ukuta wowote. Wanachohitaji ni kupanda juu ya mizigo na kushuka bila kuumia, nao ni mbwa wa kazi kamili.

Mbwa yeyote anayejua kuruka achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, na cheti kikae kwa askari wa geti, kisikae kwenye droo ya bosi ofisini. Ikitokea amevuka na kumuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, na mtu apelekwe hospitali siku hiyohiyo hata kama mbwa amechanjwa.

Ombi letu la mwisho ni kwa wanaopanga zamu. Andikeni maneno manne kwenye ubao ndani ya kibanda cha askari: Keti, Subiri, Hopa, Njoo, na kando ya kila neno maana yake. Askari mpya akifika, siku 7 za kwanza asimrushe mbwa hata mara moja. Afanye naye kazi ya geti tu, asubuhi na jioni, mpaka mbwa akae dakika 5 kwa sauti yake yeye.

Ni sisi,
Wafunza mbwa wa kazi,
Wakiso